Anakula Asimlize Mama

Jumamosi hiyo soko la Mwanakwerekwe lilifurika tangu saa moja ya asubuhi, na kabla ya saa tatu Wanu Ayoub alikuwa keshakataliwa na watu tisa. Alisimama baina ya meza ya mchicha na meza ya nazi, kishikwambi mkononi, kitambulisho kikimning'inia kifuani juu ya baibui la buluu lenye uzi wa fedha mikononi, akimkabili kila mwenye kapu. "Assalaam alaykum. Naomba dakika ishirini zako. Tunafanya utafiti: kwa nini watu wanachagua chakula cha kupikwa nyumbani, na huko nyumbani wanakula nini." Bibi mmoja alimjibu kwamba anakula nyumbani kwa sababu njaa humkuta huko huko. Mwengine alitaka kujua kama kuna sabuni ya kugaiwa.

Wa kumi alikuwa akibishana na muuza nazi. Kijana mrefu, mwembamba wa uso, shati la kijivu la kazi limekunjwa mikono, kofia ya viua kichwani na mkoba wa zana begani. Mkono mmoja ulishika karatasi ya mahitaji, mkono wa pili nazi.

"Mama kaandika nazi zilizokomaa," alisema. "Hii nikiitikisa haisemi kitu."

"Jaribu hiyo ya pembeni," Wanu alidakia. "Hiyo ina maneno."

Kijana akaichukua, akaitikisa sikioni, ikasema. Akageuka kumtazama aliyemshauri. "Kumbe siku hizi kuna wakaguzi wa nazi?"

"Mimi nakagua walaji. Una dakika ishirini?"

"Kwa aliyeniokoa na nazi mbovu? Nnazo hata thalathini."

Walikaa juu ya kreti za soda nyuma ya meza ya mchicha. Jina lake Mazin Zahor, umri thalathini na mbili, mkaazi wa Kiponda, Mji Mkongwe, fundi wa viyoyozi.

"Umeoa?"

"Hilo nalo limo kwenye utafiti?"

"Limo."

"Basi andika bado. Kwa herufi kubwa."

Wanu aliinamisha uso kwenye kishikwambi ili asionekane anacheka. "Sababu kubwa inayokufanya ule chakula cha nyumbani ni ipi? Afya, bei, ladha, mazoea, au huviamini vya nje?"

Mazin alifikiri. "Jawabu langu halimo."

"Pana nafasi ya mengineyo. Sema, nami nitaandika kama ulivyosema."

"Nakula mama asije akalia."

Wanu akainua macho. Uso wa kijana ulikuwa hauna mzaha tena. Akaandika, neno kwa neno, kisha akamuuliza alikula nini jana yake tangu alipoamka. Mazin akahesabu kwa vidole: asubuhi chai ya maziwa, sukari vijiko vinne, na mkate wa kumimina, mchana biriani aliyofungiwa kwenye hotipoti akaila kazini, alasiri ndizi mbivu za nazi, usiku chapati za samli kwa mchuzi wa nyama, na tambi za sukari za kushushia.

"Mboga ya majani?"

"Ilikuwapo kotmiri juu ya biriani."

"Tunda?"

"Zabibu. Mle mle kwenye biriani."

Safari hii Wanu alicheka kweli, lakini safu za mboga, matunda na kunde kwenye kioo zilibaki nyeupe. Wiki tatu za kuuliza zilikuwa zimeshamwonesha jambo. Waliopika nyumbani kwa kuogopea afya zao, safu zao zilijaa: samaki, kunde, matembele, papai. Waliokula nyumbani kwa mazoea, au kwa kubana matumizi, au kwa kumridhisha mtu, wengi wao safu zilikuwa kama hizi za Mazin. Na wote, hawa na wale, walisema "chakula cha nyumbani" kwa fahari ile ile, kama kwamba paa la nyumba ndilo linalokitakasa.

"Umewahi kuambiwa na daktari kuwa una shinikizo la damu, moyo, au maradhi ya sukari?"

Mazin akatazama upande wa muuza nazi, kisha upande wa pili. "Majawabu haya anayasoma nani?"

Kitabu cha mafunzo kilimtaka Wanu asome aya ya kuhifadhi siri. Hakuisoma. Aliyaona macho ya kijana yalivyoingia woga, akasema, "Wallahi halitoki hapa."

"Sukari," Mazin alisema taratibu. "Mwezi wa tano sasa. Nyumbani hakuna anayejua."

Akaeleza kwa haraka, kama mtu anayetema kitu kichungu. Baba yake alikuwa na maradhi hayo hayo. Alikatwa mguu, na miaka miwili iliyopita akafariki. Siku ya tatu ya matanga, wifi yake mama alisimama mbele ya wanawake wote akasema: samli yako, Khairiya, ndiyo iliyomzika kaka yangu. Toka siku hiyo Bi Khairiya hakushika sufuria. Alikaa eda yake akatoka, na jiko halijawashwa. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka. Kisha asubuhi moja Mazin alirudi kutoka msikitini akasikia harufu ya iliki. Mama alikuwa jikoni, anapika, analia, anapika. Akamtilia sahani na kumwambia, "Kula, mwanangu, nikuone."

"Sasa mimi nikamwambie nini?" Mazin aliuliza. "Vidonge nameza kazini. Navificha humu, chini ya bisibisi."

Kwenye dodoso hapakuwa na suala juu ya hilo. Lakini pale penye nafasi ya maelezo aliandika alivyoambiwa, kwa sababu yalimgusa, na kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa.

*

Ijumaa iliyofuata simu yake ililia. Namba yake ilikuwa kwenye karatasi ya ridhaa aliyoachiwa kila mhojiwa.

"Nnapiga kuhusu utafiti," sauti ilisema.

"Una malalamiko?"

"Ninalo moja. Mhojaji alikuwa anacheka kwa kuificha sura. Haki ya mhojiwa imevunjwa."

"Mazin, haturuhusiwi kuzungumza na wahojiwa mpaka kazi iishe."

"Inaisha lini?"

"Bado."

"Basi nitapiga Ijumaa ijayo kuuliza."

Na kila Ijumaa, baada ya swala, alipiga. "Imekwisha?" "Bado." "Haya, Ijumaa njema, Bibi Mkaguzi." Akakata, asiongeze neno. Ijumaa ya saba Wanu alijikuta ameshika simu tangu saa sita na nusu, na ilipolia akasema kabla ya salamu, "Imekwisha."

 Kisha Mazin akasema, "Sasa nimesahau nilichotaka kusema."

Walikutana Forodhani, Magharibi imeshaswaliwa, taa za wauzaji zinawaka na moshi wa mishkaki umetanda bustani nzima. Wanu alivaa mtandio wa rangi ya zambarau na wanja mwembamba; Mazin shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Wanu alikula urojo, akala katlesi, akanywa juisi ya miwa. Mazin alikunywa maji.

"Mbona huli, habibi? Aliyekupikia hapa hatalia."

"Nikila hapa, nyumbani nitakula tena. Mara mbili siiwezi." Akamtazama anavyolamba ukwaju kwenye kidole. "Na wewe kila siku unakula barabarani?"

"Mimi sijui kupika," Wanu alikiri. "Mama alinikatia tamaa zamani. Chipsi mayai na mimi ni ndugu."

"Mtafiti wa chakula cha nyumbani!"

"Usinicheke. Daktari wa meno hujing'oa?"

Walicheka, wakatembea kando ya ukuta wa pwani, upepo wa bahari ukawapiga. Lakini walipokaa Wanu akarudi kule kule. "Mwambie mama, Mazin. Kila siku unayonyamaza unakula mwili wako."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mpenzi, usiniharakishe. Wewe hukumwona alivyokuwa. Mimi nilimwona."

Alisema hivyo mwezi ule, akasema hivyo mwezi uliofuata. Mapenzi yalikua, na siri nayo ikakua katikati yao kama mtu wa tatu asiyetajwa jina.

*

Mwishoni mwa mwezi wa pili Mazin alimpeleka Kiponda. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa, ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa miguu ya vizazi. Bi Khairiya aliwapokea juu, mwanamke mrefu, kanga za kisutu, hina mkononi, harufu ya udi ikimtangulia.

"Shikamoo, Bi Khairiya."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndo Wanu wa Mpendae?" Alimtazama toka ncha ya mtandio hadi vidole vya miguu. "Babu yenu ametokea wapi? Bara?"

"Tabora, Bi. Lakini baba amezaliwa hapa hapa."

"Haya. Kaa. Aliyekaa kwenye mkeka wangu hula."

Yusra, dada mdogo wa Mazin, alitandika mkeka. Kikaja chakula: boko boko la ngano na kuku limemiminiwa samli mpaka linang'aa, biriani, ndizi mbivu za nazi, na vipopoo, vitonge vya unga vilivyochemshwa kwa tui na sukari. Jani hata moja halikuwapo. Bi Khairiya alipakua mwenyewe. Mazin alimaliza sahani ya kwanza. Mama akamwongeza. Akamaliza ya pili. Kijasho kilikuwa kinamtoka juu ya mdomo, na Wanu, aliyekuwa amekaa mkabala naye, aliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikichukua muda kufika kinywani.

"Mwanangu kapungua," Bi Khairiya alisema. "Tazama mashavu. Kazi hiyo ya kupanda ngazi inamla. Lete sahani."

Akaijaza vipopoo, tui zito likafurika mpaka ukingoni. Mazin akaangalia sahani, akamwangalia mama yake, akainua kijiko.

Wanu hakujua mkono wake ulitoka saa ngapi. Aliivuta ile sahani mbele yake. "Nisamehe, Bi Khairiya, haya siwezi kumwachia. Maishani sijala vipopoo kama hivi." Akaanza kula.

 Yusra aliziba mdomo kwa mtandio. Wanu alikula vipopoo vyote, na Bi Khairiya alipomletea Mazin sahani nyengine, Wanu akaila hiyo nayo, macho yakimtoka machozi, tumbo limembana kama ngoma iliyowambwa.

Walipoondoka, Mazin alimshika mkono kwenye giza la ngazi, akaubana. Juu walimsikia Bi Khairiya akimwambia Yusra, "Mzuri, ana adabu. Lakini ana tumbo, mtoto yule! Atatufilisi."

*

Siku ya mrejesho, ya kuwasomea watu matokeo ya utafiti, ilikuwa Alkhamisi asubuhi, katika ukumbi mmoja mjini. Masheha walialikwa, walimu, na vikundi vya akinamama wa mitaa. Wanu alikuwa mlangoni akiandikisha majina. Alipoinua uso alimkuta Bi Khairiya mbele yake, baibui jeusi la hariri, mkufu wa dhahabu, na nyuma yake wanawake sita wa Kiponda.

"Nimekuja kusikia chakula chetu kinasemwaje," alisema kwa bashasha. Akenda kukaa safu ya pili.

Dokta Saadiya, kiongozi wa utafiti, alizungumza vizuri. Alieleza kwamba kupika nyumbani peke yake hakumfanyi mtu ale vizuri. Kinachoamua zaidi ni nia inayompeleka mtu jikoni. "Anayepika kwa kuihofia afya yake, sahani yake ina rangi nyingi," alisema. "Anayekula kwa sababu tu ndivyo ilivyo, au kwa kumwonea haya mtu, sahani yake ni nzito na nyeupe. Sikilizeni maneno ya mmoja wao, jina lake tumelihifadhi."

Ukutani yakatokea maandishi makubwa. Wanu aliyatambua kabla ya kuyasoma. Yalikuwa ni yake. Aliyapiga yeye kwa kidole chake, amekaa juu ya kreti ya soda.

*Nakula mama asije akalia. Nina sukari, hajui. Baba alipofariki kwa sukari mama aliambiwa samli yake ndiyo iliyomzika. Vidonge navificha kwenye mkoba wa zana.* Na chini yake: *Fundi, Mji Mkongwe, miaka 32.*

Wanu alipiga hatua, kama kwamba angeweza kuufikia ule ukuta na kuufunika. Alikuwa ameshachelewa. Mwanamke mmoja wa Kiponda alimgeukia mwenzake. Wa pili akamgeukia Bi Khairiya. Safu nzima ikageuka polepole, shingo moja baada ya nyengine.

Bi Khairiya alisoma mpaka mwisho. Akasimama, akajitanda baibui lake sawasawa, akatoka katikati ya viti, hatazami kulia wala kushoto. Alipopita mlangoni alisimama mbele ya Wanu. Akamtazama machoni. Akaenda zake.

Simu ya Mazin ilikuja kabla ya adhuhuri.

"Ulinambia wallahi."

"Mazin, nisikilize. Sikujua kama watayatoa..."

"Uliyaandika au hukuyaandika?"

"Niliyaandika."

"Mama kajifungia. Kasema neno moja tu: nimeua wawili. Unasikia, Wanu? Nimewaficha wote wa nyumbani mimi, miezi yote hii, nikala nikavimba, ili neno hilo lisitoke. Wewe umelitundika ukutani."

"Habibi..."

Alikuwa keshakata. Wanu alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili simu ilikuwa imezimwa.

Kesho yake aliingia ofisini kwa Dokta Saadiya bila ya kungoja kuitwa. Dokta alimsikiliza, akamwambia kwa upole kwamba kanuni inaruhusu kunukuu bila ya kutaja jina.

"Jina halikuwapo," Wanu alijibu. "Lakini mama yake alikuwapo. Naomba yafutwe. Na mimi niondoeni kwenye safari ijayo ya kuhoji watu Pemba. Niliapa, dokta. Sikusoma ile aya, niliapa."

Yalifutwa kwenye ripoti siku ile ile. Kwenye vichwa vya wanawake wa Kiponda nani angeyafuta?

*

Siku ya sita ilikuwa Jumatano. Wanu alikuwa kwao Mpendae, anakunja nguo asizoziona, simu ilipolia. Namba ngeni.

"Da Wanu? Mimi Yusra." Msichana alikuwa anakimbia au analia. "Mama hajapika toka siku ile. Jiko baridi. Na Mazin naye kagoma kula, kasema mpaka mama ale. Leo kaanguka kazini, yuko juu ya ngazi anafungua kiyoyozi. Wamempeleka hospitali. Hasemi, da Wanu. Anatutazama tu hasemi."

Wanu alichomoka na kanga za nyumbani, baibui akalivalia njiani.

Kwenye ukumbi wa wodi palikuwa na benchi moja, na juu yake Bi Khairiya. Amevaa viatu viwili visivyofanana. Wanu alisimama mbali kidogo. 

"Njoo," Bi Khairiya alisema bila ya kugeuka. "Unaogopa nini? Lililobaki la kuogopa ni lipi?"

Wanu akasogea, akapiga magoti mbele yake. "Mimi ndiye niliyeandika, Bi Khairiya. Mwanao aliniamini nami nikaandika. Nimekuja kukuomba radhi."

"Daktari ametoka hapa sasa hivi," mama aliendelea, kama hakusikia. "Kasema si chakula kilichomwangusha. Kasema ni njaa. Amemeza vidonge vyake juu ya tumbo tupu, sukari imeshuka chini kabisa, akaporomoka." Sasa aligeuka. Macho yalikuwa makavu, mekundu. "Nikipika naua. Nisipopika naua. Niambie, wewe msomi wa vyakula, nifanye nini?"

"Hukuua, Bi."

"Usinipoze!"

"Sikupozi. Hukuambiwa. Mumeo, hakuna aliyekwambia apikiwe vipi; walikwambia amekufa kwa mkono wako wakati keshazikwa. Mwanao hukuambiwa kabisa. Mtu atatibuje asiloonyeshwa? Tuliokuficha ni sisi. Mimi nilikaa kwenye mkeka wako nikijua."

Bi Khairiya alimkodolea macho. Kitu kilikuwa kinapita usoni mwake, polepole. "Vipopoo," alisema.

"Naam."

"Ulikula sahani mbili."

"Nilitapika njia nzima mpaka Mpendae."

 Nesi alipita na trei. Bi Khairiya alitoa sauti ambayo Wanu hakuijua mara moja kama ni kilio au kicheko. Ilikuwa yote mawili. Akamshika bega, akambana kwa nguvu za mtu mwenye hasira. "Kwa nini hukunambia siku ile, mwanangu? Kwa nini hukunambia?"

"Niliapa. Nikadhani kula badala yake kunatosha."

"Hakutoshi."

"Hakutoshi, Bi."

 Baada ya muda mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi najua kupika vya furaha na vya matanga. Vya mgonjwa sikufundishwa. Wewe utanionesha."

"Mimi hata wali siujui, Bi Khairiya. Unanigandia."

"Subhanallah!" Bi Khairiya alinyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza uso wake ukapata damu. "Mwanamke mzima! Na unazunguka kisiwa kizima kuwauliza watu wamekula nini!"

"Ndiyo kazi niliyokuwa nayo."

Nesi akatokea mlangoni. Mgonjwa anazungumza, alisema, na anamuuliza mtu anaitwa Mkaguzi.

*

Mazin alikuwa amelala chali, dripu mkononi, nyuzi nne juu ya nyusi. Wanu alisimama penye ncha ya kitanda. Mama na Yusra walibaki mlangoni.

"Usikae mbali," Mazin alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nimekuzimia simu siku sita. Unayo haki ya kunitukana."

"Sina. Niliapa nikavunja."

"Ulivunja. Iliniuma, Wanu, na bado inaniuma, sitakudanganya." Alivuta pumzi. "Lakini nilipokuwa juu ya ile ngazi, dunia inageuka nyeusi, nilifikiri: nakufa, na mama atajua kwa nini. Nikashukuru kwamba anajua. Hebu fikiria. Mtu anaanguka, anashukuru."

"Niambie basi mwenyewe," Bi Khairiya alisema kutoka mlangoni. "Nimelisoma ukutani. Kwenye kinywa chako sijalisikia."

Mazin alimtazama mama yake.  "Mama, nna sukari."

"Toka lini?"

"Huu mwezi wa tisa."

"Ulikuwa unakula kwa kuniogopa?"

"Naam, mama."

Bi Khairiya alikwenda akakaa kitandani, akampangusa paji la uso kwa ncha ya mtandio. "Usile tena kwa kuniogopa," alisema. "Bora unisusie."

Miezi ile iliyofuata haikuwa rahisi, na asitokee mtu akasema ilikuwa. Bi Khairiya alikwenda kliniki na mwanawe, akamhoji mshauri wa lishe kwa saa nzima. Siku ya kwanza ya choroko na matembele alilia tena jikoni. Alisema anajiona kama anampikia mfungwa. Mazin alikuwa mkali akinyimwa vipopoo. Yeye na Wanu waligombana mara mbili, mara moja mpaka wakanuniana wiki, kwa sababu alimuuliza amepima sukari naye akamjibu, "Hilo nalo limo kwenye utafiti?" na safari hiyo hakuna aliyecheka. Kila Ijumaa Wanu alipanda zile ngazi za Kiponda kufundishwa kupika. Aliunguza maharage. Aliunguza samaki. Bi Khairiya alimwita majina ambayo hayaandikiki, kisha akamwita "mwanangu" humo humo.

*

Posa ilikwenda Mpendae Jumapili moja alasiri. Si desturi mposaji kwenda mwenyewe, lakini Mazin alishikilia, akakaa barazani kwa mzee Ayoub, baba yake Wanu, amevaa kanzu ya rangi ya maziwa, kando ya mjomba wake, Bwana Hisham, aliyekuja kusema kwa niaba ya ukoo. Ndani, nyuma ya pazia, Bi Khairiya alikaa na Bi Amne, mama yake Wanu. Wanu alikuwa chumbani mlango wazi, gauni la kijani.

Bwana Hisham alisema maneno mazuri ya kizamani. Mzee Ayoub, karani mstaafu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza lile ambalo kila baba huuliza.

"Na kijana wenu, ana ila yoyote tunayopaswa kuijua?"

"Hana, alhamdulillahi," Bwana Hisham alijibu haraka. "Mzima kama..."

"Ninayo, mzee wangu," Mazin alisema.

 Mjomba alimkanyaga mguu waziwazi.

"Nna maradhi ya sukari. Baba yangu alifariki nayo. Nakunywa dawa, najichunga, na kuna siku nashindwa. Nimekuja mwenyewe kwa sababu hili nilitaka ulisikie kwangu, si kwa mtu mwengine."

Mzee Ayoub aliuvuta uso wake kwa kiganja, toka paji hadi kidevu. Alikuwa anampenda binti yake huyu mmoja kuliko alivyojua kusema. "Unanipa kazi nzito, kijana," alisema hatimaye. "Unaniomba nimtoe mwanangu akakae akikuhesabia vidonge."

"Sikuombi umtoe. Nakuomba umuulize."

Nyuma ya pazia Bi Amne alishika mkono wa Bi Khairiya. Haikujulikana nani anamtuliza nani.

"Wanu!" mzee Ayoub aliita.

"Naam, baba."

"Umesikia?"

Kwa desturi, mwanamwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa ni ridhaa. Bi Amne alikuwa amekwisha kufungua mdomo ili amjibie: mtoto kanyamaza, karidhi. Lakini Wanu alisimama, akaja mpaka penye pazia, akasema kwa sauti iliyofika barazani, na pengine hadi barabarani:

"Nimesikia, baba. Namjua kwa hilo kabla sijamjua kwa jengine lolote. Namtaka."

Bwana Hisham aliangalia chini. Mzee Ayoub alikohoa, akakohoa tena, akaivua miwani yake na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Haya," alisema. "Tusome Fatha."

Wanaume wakainua mikono. Bi Khairiya hakuwangoja wafike kwenye aamin. Alipiga kigelegele, kirefu, cha mtu aliyekiweka kifuani kwa zaidi ya miaka miwili, na nyumba za jirani zikaanza kumwitikia.